Picha ya 3D nzuri, ramani je?

Mimi bado nipo TP hapa Babati, mzima wa afya, chaki na vumbi kama kawa. Leo nina hoja moja, mnivumilie.

Mji huu unajengwa kweli kweli. Siku hizi mwenye kiwanja anatembea na picha ya 3D kwenye simu: paa la kuficha, bustani, gari kali limepaki. Picha safi! Tatizo, picha hiyo na ramani aliyoshika fundi saiti vinaweza kuwa nyumba mbili tofauti.

Inakuwaje? Programu za ramani kama ArchiCAD zinatunza hesabu: ukuta una unene wake, duara lina kitovu na nusu kipenyo. Programu za picha kama Blender zinafanya kazi zaidi na pembetatu ndogondogo. Ukihamisha modeli, duara linageuka vipande vilivyonyooka, na kutoka kwenye pembetatu kurudi kwenye hesabu ni kazi pevu. Ukitumia faili la STL au OBJ, hata aina ya kipimo haimo. 3000 ni namba tu, kama ni milimita au mita utajua mwenyewe. Halafu programu moja inasema juu ni Z, nyingine inasema ni Y, nyumba inalala chali. Duh! Mchoraji akichoka anaijenga upya kwa macho kulekule kwenye programu ya picha. Hapo ndipo dirisha linapohama bila ramani kujua.

Msidhani ni ya wachoraji wa mtaani tu. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, upande wa pili ukazipokea kama za metriki.

Kuna watakaosema mteja anataka picha tu, mambo ya faili ya nini? Napinga. Mwenye nyumba wa kawaida hasomi ramani, anaamini picha, na hela ya tofali anaitoa kwa imani hiyo. Zege la lenta likishakauka, kurekebisha ni nyundo na hela nyingine.

Kwa hiyo modeli iwe moja, na picha itoke humo humo. Kwa majengo kuna IFC, kwa vipuri vya mashine kuna STEP iliyotoka 1994. Zote ni viwango vya ISO na zinabeba vipimo. FreeCAD na Blender ni bure, na Blender ukiiongezea Bonsai inasoma IFC. Ukilipia mchoro, dai na faili, siyo picha peke yake.

Sisi walimu tunaingiaje? Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari. Tukimkaririsha mtoto vitufe vya programu moja, tena ya wizi, siku ikibadilika kaisha. Tumfundishe kuuliza matatu: kipimo gani, juu ni wapi, modeli mama iko wapi? Huyo atahamia programu yoyote.

Watu wa hisabati na fizikia mpo? Nawasilisha.