Mkuyu usiondoke bila mrithi

KUTOKA MWALONI
Na Limi Masanja

"Mkuyuni! Mkuyuni wa kushuka!" Konda aligonga bati la daladala, watu wakateremka na mizigo yao. Nikamuuliza kijana aliyekaa pembeni yangu: huo mkuyu wenyewe uko wapi? Akachungulia dirishani, akaona maduka, bodaboda na mwavuli wa wakala wa simu, kisha akanijibu kwa adabu, "Sijui, mama. Mimi nimekuta panaitwa hivyo."

Jibu lake lilinichoma kwa sababu nilikuwa natoka msibani, katika kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Speke, ambako nilikuta mkuyu niliocheza chini yake utotoni umekuwa kisiki.

Mti ule ulisimama mahali palipokuwa ikulu. Neno hili, ambalo leo taifa zima linalitumia kwa makazi ya Rais, ni la huku kwetu: kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ikulu ni boma la ntemi, yaani mtawala wa jadi. Nyumba zilishaanguka zamani, na ua wa minyaa umebaki vipande vipande. Mkuyu ndio uliokuwa umebaki wa kumwonyesha mgeni kwamba hapa palikuwa na serikali. Chini yake ntemi alikaa na banang'oma, wazee wa baraza lake. Hapo kesi za ng'ombe na za mipaka zilikatwa, na hapo watu walikusanyika mvua ilipochelewa.

Nilikipima kisiki kwa hatua: nne, kutoka ukingo hadi ukingo. Utomvu mweupe uliganda kandokando kama maziwa yaliyochuruzika na kukauka. Katikati palikuwa na uwazi wa kumtosha mtoto kujificha. Nami niliwahi kujificha humo. Mzee mmoja alikuja akasimama karibu yangu. Nikapiga goti nikamwamkia "Mwangaluka", kisha nikamuuliza mti ulikuwa na umri gani.

"Mwanangu, miaka yake siijui," akasema. Akaanza kutaja watemi waliozikwa pale, kila mmoja na kidole chake. Alipomaliza mkono wa kwanza akaingia wa pili, akashika kidole cha saba, akanyamaza kidogo. "Na huyu naye aliukuta."

Mzee yule alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Miti mingi ya nchi zetu za joto haiweki duara la kila mwaka ndani ya shina kwa namna ya kutegemeka, na mkuyu mkubwa mara nyingi huwa umeoza kiini. Hakuna msumeno utakaokupa umri wake. Umri huo uko katika majina ya watu. Wakiondoka wazee wenye majina hayo, na mti nao ukiondoka, hesabu yote imekwisha.

Niliambiwa mti ulikatwa kwa sababu ulizuia barabara. Aliyetoa ruhusa hakumuuliza mtu yeyote wa pale. Mti wa mkuyu ni laini, haufai kwa mbao nzuri. Wazee waliuchongea vinu na ngoma. Matawi ya mti wetu yakaenda kuwa kuni za kubanika samaki. Asubuhi nilitafuta ninga na hondohondo waliokuwa wakituamsha kwa kelele, nikasikia majogoo tu. Mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata kiangazi wakati miti mingine haina kitu, na kila aina ya mti wa jamii hiyo ina nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kuchavusha. Ukiukata mmoja, umefunga jiko la viumbe wengi.

Tumefikaje hapa? Sililii utemi, lakini lazima tuseme ukweli: watemi walipoondolewa kwa sheria mwaka 1963, miti ya ikulu ilibaki bila mwenyewe. Ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wakahamishwa mbali na makaburi na miti ya mababu. Likaja soko la sangara, samaki mwenye mafuta mengi, asiyekauka kirahisi juani kama dagaa, anayehitaji moto na moshi, yaani kuni. Mwaka 2020 Ziwa Victoria nalo likapanda hata kupita kiwango cha rekodi cha mwaka 1964, na miti ya ufukweni ikazama mizizi.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Lakini ya pili ilitungwa ikiwaza zaidi magofu, majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Mkuyu uliooteshwa na kinyesi cha ndege hauna pa kuingia kirahisi, hata kama baraza la nchi nzima lilikaa chini yake.

Sasa twende Ujiji, tuone mti ulioacha mrithi. Kule, mwishoni mwa mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alimkuta mpelelezi Livingstone, na mwembe uliohusishwa na mkutano ule ukawa maarufu duniani. Mwembe ule haupo tena. Ulizeeka, ukafa, na mwaka 1927 pakajengwa mnara. Lakini ukifika leo utaonyeshwa miembe inayoelezwa kuwa ilitokana na vipandikizi vya mwembe ule wa kwanza. Kuna mtu aliyeona kwamba mti unakwisha, akachukua kisu kabla haujakwisha. Hata ziwa Tanganyika limerudi nyuma likapaacha mahali pale mbali na maji, lakini mtoto wa shule anayefika bado anapata kivuli cha kusimama akisikiliza.

Linganisha na Chitambo, katika Zambia ya leo. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, na mmoja wao, Jacob Wainwright, akachonga maandishi kwenye shina. Kisha wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Kazi ya mkono wa Mwafrika, iliyochongwa katika mti wa Afrika, ikawa ya kutazamwa Ulaya. Kumbukumbu ilihifadhiwa, ila mahali penyewe pakabaki na mnara.

Wenzetu wa Nairobi walionyesha mwaka 2020 kwamba hata barabara kubwa inaweza kupisha. Mugumo wa Waiyaki Way, mti wa jamii ya mkuyu wenye umri unaokadiriwa kupita miaka 100, ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu. Wananchi wakapaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Uingereza nako, watu wawili walioukata usiku mti maarufu wa Sycamore Gap, Septemba 2023, walifungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Kifungo hakikurudisha mti. Ila watunzaji waliokota mbegu na vitawi vyake, wakaotesha miche, na 49 kati ya hiyo ikagawiwa kwa jamii mbalimbali.

Najua atatokea wa kuniuliza: mti mkongwe ukiangukia darasa, nani atalaumiwa? Swali ni la haki. Mti ni kiumbe, una siku yake ya kufa, na upo wakati wa kuukata ili watu wapone. Ninachodai ni kwamba usiondoke bila mrithi, na usiondoke bila wenyewe kuambiwa.

Halmashauri zetu, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Magu, Sengerema na Ukerewe, zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kila kata iandike miti yake mikongwe: ilipo, jina lake, na historia yake kutoka kinywani mwa wazee walio hai. Asiruhusiwe mtu kukata mti ulioandikwa kabla ya mkutano wa kijiji au mtaa kukaa. Na kabla shoka halijagusa shina, kipandikizi kiwe kimeshika mizizi hatua chache kutoka pale. Kwa mkuyu hakuna gharama: tawi la unene wa mkono, likichomekwa ardhini mvua zinapoanza, huchipua.

Mzee yule hakungoja sheria ndogo. Nyuma ya nyumba yake alinionyesha kijiti kilichozungushiwa miiba mbuzi wasikifikie. Alikuwa amekiokota kwenye lundo la matawi siku ile ile ya msumeno, akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu ashike wakati yeye anashindilia udongo. Kilikuwa na majani mawili. Mtoto akaniambia ndiye anayekimwagilia, kisha bila kuulizwa akaanza kutaja watemi kwa vidole. Alikwama kwenye wa tano. Babu yake akamtajia, naye akarudia tangu mwanzo.