Shoko yako haijafa, haijapimwa

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu yenyewe inatia aibu kidogo: nilikuwa naandika programu kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia ulifungwa plasta baada ya baiskeli kunirusha kwenye mteremko, hapa hapa nyumbani Mosocho. Sikugongwa na gari wala pikipiki. Nilirushwa na shoko ya nyuma ambayo mimi mwenyewe, mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, nilikuwa nimeirekebisha asubuhi ile ile.

Kwa hiyo leo tuache programu, tuongee shoko. Na maoni yangu nayatoa mapema ili usiseme nimekuzungusha: shoko nyingi tunazoambiwa zimekufa hazijafa. Hazijapimwa tu, na hazijasafishwa. Na ujuzi wa kuzitunza tayari tunao sokoni kwetu. Tunadhani hatuna kwa sababu hapa unaitwa ujuzi wa pikipiki.

Baiskeli yangu ni ya mtumba. Ni ile ya milimani yenye shoko mbele na nyuma, na gurudumu la nyuma linaweza kupanda milimita 130. Nilipoikalia mara ya kwanza, nyuma ilizama mpaka mwisho kama godoro lililochoka. Nikapigia simu duka moja la baiskeli. Bila hata kuiona wakaniambia imekufa, nunua mpya. Bei ya shoko mpya ilizidi pesa nilizolipa kwa baiskeli nzima! Jirani naye akanipa ushauri wake: ng'oa shoko, chomelea kipande cha chuma mahali pake, uendelee na maisha.

Sikumsikiliza yeyote. Niliagiza pampu ya shoko kutoka Nairobi (ile ya magurudumu haifai, hapa unahitaji presha ya juu na hewa kidogo sana). Nikachukua namba ya presha kutoka kwa mtu fulani kwenye intaneti ambaye sijui hata uzito wake. Nikajaza. Halafu nikazungusha kila kitasa chenye rangi nilichokiona, chekundu na cha buluu, mpaka nikaridhika.

Kama unaandika programu umeshaiona dhambi yangu. Nilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, sikuandika chochote, halafu nikapeleka kazi kwa mteja bila kuijaribu. Mteja alikuwa mimi.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na Kisii mvua si habari. Njia ya kushuka katikati ya migomba ilikuwa imejaa mizizi na mawe. Jiwe la kwanza, shoko ikajikunja vizuri kabisa. Kisha ikajikunjua yote kwa mara moja, ikaninyanyua kutoka kwenye kiti, na jiwe la pili likanikuta niko hewani. Mengine unaweza kuyamalizia mwenyewe.

Ndani ya shoko mna kazi mbili, na ukizichanganya ndipo unapopotea. Ya kwanza ni springi. Inaweza kuwa ya chuma au ya hewa iliyobanwa, kama yangu. Springi inapokea nguvu ya jiwe na kuihifadhi. Kazi ya pili ni ya dampa, yaani sehemu yenye oili. Hapo pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu inageuka joto. Springi peke yake inakurudishia kila kitu ulichoipa, kama mdai asiyesahau. Dampa ndiyo inayosema: polepole.

Kile kitasa chekundu kinatawala kasi ya shoko kurudi baada ya kujikunja. Mimi nilikuwa nimekifungua chote. Yaani niliacha springi bila mtu wa kuishika mkono.

Nikiwa na plasta yangu nilienda kumwona mzee mmoja fundi wa pikipiki pale sokoni. Huyu mzee alianza na baiskeli, zile Black Mamba, enzi ambazo bodaboda ilikuwa ni baiskeli (neno lenyewe lilianzia Busia mpakani, kwa baiskeli). Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 na pikipiki zikajaa, naye akahamia huko. Shoko ya baiskeli yenye hewa alikuwa hajawahi kuigusa.

"Bwakire, mzee," nikamsalimia. Akautazama mkono wangu, akaitazama baiskeli.

"Kijana, wewe una kilo ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Na huo mkoba?"

"Kama nane, mzee. Una laptopu."

"Sasa hiyo hewa uliipimia nani?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha shoko za nyuma za pikipiki iliyokuwa mbele yake, zile ngazi ndogo zilizo chini ya springi. Anayebeba abiria wawili na mkungu wa ndizi anawekewa ngazi ya juu. Anayekwenda peke yake kanisani anawekewa ya chini. Hakuna namba moja ya watu wote. Kwanza unauliza mzigo, ndipo unagusa springi.

Wasomaji, hili ndilo somo la kwanza katika kila kitabu cha maelekezo ya shoko za baiskeli! Mzee analifanya kila siku bila kitabu. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa nyingi na nikaliruka.

Basi tukapima. Njia ni hii, na haihitaji fundi:

1. Kwenye mguu wa shoko kuna ringi nyembamba ya mpira. Isukume mpaka iguse sili. Kama ilishakatika, funga uzi mwembamba badala yake.

2. Vaa unavyovaa njiani, pamoja na mkoba. Egemea ukuta, kaa kitini taratibu bila kurukaruka. Isukume ringi tena iguse sili, kisha shuka taratibu.

3. Pima kwa rula umbali ambao ringi imesogea. Linganisha na mwendo wote wa shoko.

Mwendo wa shoko yangu ni milimita 50. Kwa baiskeli za aina hii inatakiwa izame kama asilimia 25 hadi 30 ukikaa tu, yaani milimita 12.5 hadi 15. Yangu ilizama milimita 6! Hewa ilikuwa nyingi mno, gurudumu halikuwa na nafasi ya kushuka kwenye mashimo, na nguvu ya kurudi ilikuwa kubwa kuliko inavyohitajika. Tukapunguza kidogo kidogo mpaka milimita 14. Pampu ikasoma psi 170, lakini tafadhali usiinakili namba hiyo. Ni ya kilo zangu, mkoba wangu na fremu yangu. Unachotakiwa kunakili ni ule upimaji.

Jambo moja kuhusu pampu linalowachanganya wengi. Ukiirudisha kwenye valvu kuangalia presha, utaona imeshuka kuliko ulivyoiacha. Shoko haivuji. Hewa kidogo imeingia kwenye bomba la pampu. Na ule mlio wa "pssss" unapoifungua, sehemu kubwa ni hewa ya bomba hilo hilo. Kila ukipima unabadilisha kidogo unachokipima, kwa hiyo iamini rula zaidi ya geji.

Baada ya hapo tukaenda kwenye kitasa chekundu. Tulikifunga chote, tukahesabu mibofyo wakati wa kukifungua, tukasimama katikati. Kisha jaribio la Kikenya kabisa: tuta la barabarani. Panda tuta umekaa kitini. Nyuma ikirudi juu mara moja na kutulia, sawa. Ikiyumba mara mbili tatu, punguza kasi. Ikibaki imezama huku jiwe jingine linakuja, ongeza. Badilisha kitu kimoja, panda tuta, andika. Daftari langu la kumi na mbili bob limenisaidia kuliko kurasa zote nilizosoma.

Lakini shoko ile ile ilikuwa inapoteza hewa kila baada ya siku mbili, na hapo ndipo usafi unapoingia. RockShox wanashauri chemba ya hewa ihudumiwe kila masaa 50 ya kuendesha kwa shoko zao nyingi. Fox wanasema masaa 125 au mwaka mmoja kwa huduma kamili. Wote wanaongeza kwamba mazingira magumu yanafupisha muda huo. Udongo wetu mwekundu, ambao mvua ikinyesha ni gundi na jua likiwaka ni msasa, nadhani unatosha kuitwa mazingira magumu!

Tuliosha nje kwanza. Tukaandika presha. Tukatoa hewa YOTE polepole, tukiikandamiza shoko kidogo huku tukiibonyeza valvu, kwa sababu kuna chemba ya pili ndogo ndani nayo ina hewa. Tukaivua kutoka kwenye fremu, kisha mzee akafungua kopo la hewa kwa mikono na kipande cha mpira wa tairi, bila praya. Ndani kulikuwa na matope mekundu yaliyochanganyika na grisi ya zamani, na sili moja imekatwa na mchanga. Hiyo ndiyo maiti yenyewe! Seti mpya ya sili kwa modeli hiyo iligharimu chini ya sehemu ya kumi ya shoko mpya.

Tulifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukaweka sili mpya, tukapaka grisi ya shoko. Usitumie ile ya bearingi za gari, ni nzito na haikutengenezwa kwa kazi hii. Tukafunga, tukajaza psi 50, tukaikandamiza taratibu mara kadhaa ili chemba zote mbili zisawazike, tukaongeza tena, hivyo hivyo mpaka 170. Saa moja na nusu, pamoja na chai.

Sasa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujasiri unapoumiza watu. Kuna shoko ambayo HUIFUNGUI. Ukitoa hewa na shoko ikabaki imejikunja, haitaki kurefuka, kuna hewa yenye presha imenaswa ndani. Ukilegeza kopo linaweza kuruka kama risasi. Iache. Vilevile dampa, sehemu yenye oili. Shoko nyingi zina naitrojeni ya presha kali nyuma ya oili, na kuijaza kunahitaji vifaa maalum. Ukisikia mlio wa majimaji inapojikunja, au kitasa chekundu hakileti tofauti tena, au oili inatoka, tuma kwa fundi aliyefundishwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia: fundi mzuri anajua nati ya kuiacha.

Na zile baiskeli mpya za bei ya chini zenye springi nene ya rangi kali chini ya kiti? Nyingi ya hizo hazina oili ndani. Ni springi tupu, na hakuna cha kurekebisha wala kuhudumia. Kwenye milima yetu unanunua uzito wa ziada na mruko wa ziada. Kwa pesa hizo hizo chukua baiskeli isiyo na shoko ya nyuma, yenye breki nzuri. Najua kuna vijana watanichukia kwa hili.

Tumezoea kuamini kwamba kitu chenye teknolojia ya juu kikiharibika kinangoja mtaalamu wa mbali, au jalala. Lakini kule Kikuyu, David Kinjah, aliyemfundisha Chris Froome baiskeli kabla Froome hajashinda Tour de France, amelea vijana wa Safari Simbaz kwa kuwafundisha kuendesha na pia kutengeneza. Ujuzi wa mkono hauulizi umetoka wapi. Huku kwetu mzee anabadilisha sili za pikipiki na kumwaga oili ya shoko karibu kila siku. Alichokosa ni pampu moja, karatasi ya vipimo, na mtu wa kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba hii ni kazi ile ile, isipokuwa hapa springi ni hewa.

Pampu yangu sasa inakaa kwake. Nikiihitaji naifuata. Pale ukutani nimebandika karatasi ya Kiswahili yenye hatua nilizoandika hapa, na juu kabisa, kwa wino mwekundu, swali lake: hewa hii uliipimia nani?

Kiganja changu bado hakigeuki sawasawa nikibonyeza kibodi muda mrefu. Daktari anasema kitarudi, polepole. Kumbe hata mimi nimewekewa dampa!

Haya, mawingu yamefika. Naenda kufuta mguu wa shoko kabla matope hayajakauka.