Tufundisheni Kusoma Damu Tunayoituma

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),

Nakuandikia kutoka Ngara, ninakofanya kazi ya maabara. Mtoto akiletwa na homa tunamtoboa kidole. Kipimo kikionyesha malaria, tunadondosha damu kidogo kwenye karatasi ya chujio. Ikikauka inatiwa kwenye kifuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, inasafirishwa. Mama anaondoka na dawa ya mseto. Sisi tunabaki na namba ya sampuli kwenye daftari.

Karatasi hizo zimefanya kazi kubwa, na tunawashukuru. Za mwaka 2021 zilionyesha badiliko la R561H, kwenye jeni ya kelch13 ya vimelea vya malaria, linalohusishwa na usugu wa dawa, katika asilimia 7.7 ya sampuli za mkoa wetu wa Kagera zilizopimwa. Mwaka 2022, kwa jirani zetu Karagwe, ikathibitika kwamba artemisinini, dawa iliyo ndani ya mseto, imeanza kuchelewa kuua vimelea, ingawa mseto bado unaponya. Tuliomeza klorokwini utotoni tunajua dawa inavyoweza kutuponyoka.

Ila sisi wa mpakani tuna swali jingine: vimelea vyenye badiliko hilo vilivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda pamoja na wasafiri, au vilizuka huku huku? Jibu limo katika herufi za DNA zinazolizunguka badiliko lenyewe. Zikifanana na za Rwanda, yaelekea asili ni moja. Anayezisoma lazima ajue kutenganisha kosa la mashine na badiliko la kweli, kisha alinganishe vimelea vya Ngara na vya Biharamulo kwa programu kama PLINK na R. Programu hizo ni za bure. Mwalimu ndiye hatuna. Mwenzangu alijifunza R usiku kwa bando la simu, akakwama wiki mbili kwa sababu ya mkato mmoja uliokosekana, na hakuwa na wa kumuuliza.

Januari 2025, Marburg ilipotangazwa Biharamulo, watu walituuliza kirusi kimetoka wapi. Hilo nalo ni swali la jeni.

Ninaomba darasa moja kwa wilaya za Ngara na Biharamulo. Mkufunzi si lazima ahamie huku: mtandao wa H3ABioNet ulianza mwaka 2016 kufundisha Waafrika waliokaa pamoja madarasani kwao, somo likitoka mbali. Tupeni pia data za sampuli zetu wenyewe, zisizo na majina ya wagonjwa, tufanyie mazoezi. Daftari tunalo, na namba zote zimo.

Mtaalamu wa maabara,
Ngara