Lango la uzamivu lifike Ngara na visiwani

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita wilayani Ngara, ukielekea Rwanda kwa njia ya Rusumo na Burundi kwa njia ya Kabanga. Lakini kijana wa Ngara au Biharamulo mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, anapotaka kuomba nafasi ya kusomea uzamivu, hujikuta yu mbali na lango la chuo kikuu sawa na ndugu yake aliyeko kisiwani Goziba au Bumbire. Jambo hili halifai kuachwa liendelee.

Wapo watakaosema kwamba uzamivu ni anasa, na kwamba wilaya zetu zinahitaji kwanza maji, barabara na dawa. Tunaheshimu hoja hiyo, lakini historia yetu wenyewe inaijibu. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Fundisho la miaka ile ni kwamba mashine hununuliwa kwa fedha, bali utaalamu haununuliwi dukani. Leo kodi, mishahara na takwimu za hospitali zimo ndani ya kompyuta. Taifa lisilo na mabingwa wake wa kuzichunguza na kuzibuni mashine hizo litabaki mpangaji katika nyumba ya wengine.

Tena faida yake haiishii maofisini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wameonyesha kwamba simu ya mkononi yaweza kupiga picha ya jani la muhogo na kuutambua ugonjwa wake. Muhogo na mgomba ndio chakula cha watu wetu. Nani basi atakayeifundisha kompyuta kumjibu mkulima kwa Kihangaza au Kishubi, kama si mtoto wa mkulima huyo?

Maombi yenyewe si kazi ya siku moja. Vyuo vya Afrika Mashariki kwa kawaida humtaka mwombaji awe na shahada ya uzamili, andiko la utafiti na msimamizi aliye tayari kumpokea. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, na hutaka barua tatu za wadhamini, ada ya maombi na cheti cha mtihani wa Kiingereza. Vingi kati ya hivyo humlipia mwanafunzi wa uzamivu masomo na kumpa posho. Kwa hiyo kikwazo cha maskini mara nyingi si gharama ya masomo, bali ni ile ada ndogo ya mlangoni, nauli na mtandao unaokatika kabla fomu haijatumwa.

Wala si lazima kila mtu avuke bahari. Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uzamivu katika fani hii. Makerere iko karibu na Bukoba kuliko Dar es Salaam. Kutoka daraja la Rusumo hadi Kigali ni takriban kilomita 160, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha sayansi ya data kinachopokea wanafunzi wa nchi jirani.

Tunazishauri halmashauri mambo matatu. Kwanza, kila wilaya itenge chumba chenye kompyuta, umeme wa uhakika na mtandao, kifunguliwe hata jioni. Na kata za visiwani zisisahauliwe. Pili, mtumishi anayeomba ruhusa ya masomo ajibiwe kwa maandishi na kwa wakati, kwani jibu linalokuja baada ya tarehe ya mwisho ni sawa na kukataliwa. Tatu, uanzishwe mfuko mdogo wa kukopesha ada ya maombi, na mkopaji afunge mkataba wa kurudi kutumikia. Lakini akirudi apewe kazi ya taaluma yake, asiachwe kuhesabu viti vya ofisi.

Kwa vijana, wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anzeni mwaka mzima kabla. Someni kazi za msimamizi kabla ya kumwandikia. Andiko liwe lenu wenyewe, lizaliwe na tatizo mnalolijua, si kunakiliwa kwa mwingine.

Viongozi nao wakumbuke kwamba anayeinama hawezi kukiona cha mvunguni iwapo chumba kizima kina giza. Taa hiyo ni ya kuwashwa na Serikali. Waya umekwisha kupita Ngara. Kilichobaki ni kuufikisha kwa mwombaji.