Kipimo Kilichomdanganya Nyanya

Leo nimeshika kalamu kuzungumzia figo na jinsi zinavyopimwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki sisi nyumbani tumekilalia.

Nyanya yangu ni mwembamba kama ufito. Mwaka juzi alianza kuvimba miguu, tukampeleka hospitalini. Akatolewa damu, majibu yakarudi. "Mama, figo ziko sawa," akaambiwa. Nyanya akauliza, "Sasa mbona viatu haviniingii, daktari?" Akapewa tembe, tukarudi nyumbani. Miezi minane baadaye tuliambiwa figo zimechoka kabisa. Siku hizi huenda kwenye mashine ya kusafishia damu mara mbili kwa wiki.

Je, daktari yule alidanganya? La hasha! Daktari mwingine alitueleza kuwa kipimo ndicho kilichodanganya. Kilichopimwa ni kreatinini, taka itokayo kwenye misuli. Figo zikilegea, taka hii hurundikana katika damu. Lakini mtu aliyekonda hutoa kreatinini kidogo tangu mwanzo, kwa hivyo figo zaweza kuharibika na hesabu bado ikapendeza. Ni kama kumsifu mfagiaji kwa kuangalia darasa lisilo na wanafunzi: hata asipofagia, halichafuki!

Kipimo ninachokitetea ni cha sistatini C. Hii ni protini ndogo inayotengenezwa na karibu kila seli ya mwili, uwe na misuli au usiwe nayo. Figo huichuja na kuivunjavunja. Ikizidi katika damu, jua uchujaji umepungua. Watafiti wa Uswidi, akiwemo Anders Grubb, walionyesha jambo hili mwaka wa 1985.

Sasa utaikamataje protini moja katikati ya umati wa protini? Hapo ndipo kingamwili inapoingia. Sungura hudungwa sistatini C ya binadamu. Mwili wake, ukiiona ni ngeni, hutengeneza kingamwili za kuishika, kama ufunguo na kufuli yake. Maabara huzibandika kingamwili hizo kwenye chembe ndogo mno na kuzichanganya na majimaji ya damu ya mgonjwa. Zikikutana na sistatini C hushikana mafungu mafungu, majimaji yakafanya ukungu. Mashine hupitisha mwanga na kuupima ukungu huo. Basi, jibu limepatikana.

Najua kuna watakaosema, "Wewe, hiyo ni ghali!" Kweli, ni ghali kuliko kreatinini. Tena si malaika: ugonjwa wa tezi ya shingo na dawa za steroidi huweza kuipotosha. Lakini mimi sisemi kila mtu apimwe hivyo. Nasema wazee, waliokondeshwa na maradhi na waliokatwa viungo wasiachiwe kreatinini peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 kuhusu watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kuwa hesabu za kreatinini huzisifu figo kupita kiasi, na kwamba sistatini C ilikaribia ukweli zaidi. Kwa hivyo jambo hili linatuhusu sisi Waafrika.

Je, ni lazima kila kitu kitoke ng'ambo? Taasisi yetu ya KEMRI iliwahi kutengeneza kifaa cha kupimia homa ya ini aina ya B, kiitwacho Hepcell. Kama hilo liliwezekana, kingamwili ya kupimia figo itatushindaje? Sungura tunao, hata hapa shuleni. Wenzangu mnaosinzia saa ya biolojia, amkeni! Nanyi walimu wetu, tusaidieni tuyaelewe mambo haya hata kwa Kiswahili, tuweze kuwaeleza walio nyumbani.

Figo za nyanya yangu hazitarudi. Za nyanya yako huenda bado zina nafasi. Likizo hii, akisema viatu haviingii, usimcheke. Mpeleke, na uulize amepimwa kwa kipimo gani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu