Waliobaki Waandike

Katika vyama vingi mzee akifa kijana huingia, na daftari la wanachama halipungui. Chama cha marubani wa helikopta wa Marekani waliopigana Vietnam hakina bahati hiyo. Vita vile vilikwisha mwaka 1975. Hakuna kijana awezaye tena kustahili nafasi yao, na kila mazishi huacha kiti kisicho na mrithi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1968, leo anaikaribia 80.

Kwa hiyo nasema bila kuficha: kazi iliyobaki kwa wazee hawa si kukutana na kukumbatiana tu. Ni kuandika.

Si kwamba hawajaanza. Chama chao kimekusanya habari za helikopta moja moja, kwa namba iliyoandikwa mkiani. Hiyo si kazi ndogo, maana Marekani ilipeleka huko helikopta zipatazo 12,000, na zaidi ya 5,000 ziliharibika. Mwaka 2018 walizindua mnara katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, Marekani, nao haukuwekwa kwa ajili ya marubani peke yao bali pamoja na wenzao waliokaa nyuma. Hapo walifanya haki. Helikopta ya Huey ilibeba watu wanne: marubani wawili mbele, fundi na mpiga bunduki milangoni. Sifa hukimbilia mbele. Kifo kiliwachukua wote.

Wapo watakaosema chama cha askari ni mahali pa faraja, machungu yaachwe yalale. Siipingi faraja. Lakini tazameni kisa cha rubani Hugh Thompson.

Tarehe 16 Machi 1968 alikuwa angani juu ya kijiji cha My Lai, katika helikopta ndogo ya upelelezi, na vijana wawili: Glenn Andreotta na Lawrence Colburn. Chini waliona askari wa nchi yao wakiua wanawake, wazee na watoto wasio na silaha. Thompson alitua katikati, baina ya askari na wanakijiji waliojificha handakini. Akawaamuru vijana wake: askari hawa wakiwafyatulia risasi wanakijiji, nanyi wapigeni. Kisha akawaita wenzake wenye helikopta kubwa washuke, wakawachukua watu wale. Walipopaa tena, Andreotta akaona kitu kikitikisika kwenye mtaro uliojaa maiti. Akashuka, akapita juu ya wafu, akatoka na mtoto aliye hai. Wakampeleka hospitali mjini Quang Ngai.

Haikutimia hata mwezi, Andreotta akauawa vitani. Thompson alitoa taarifa kwa wakubwa wake, na malipo yake yakawa matusi, vitisho vya simu, na jina la msaliti. Ilipita miaka 30 kabla nchi yake haijawapa watatu hao nishani ya ushujaa iitwayo Soldier's Medal, mwaka 1998, Andreotta akiwa kaburini.

Kama watu hao wangenyamaza ili wenzao wasiudhike, tungebaki na taarifa za awali za jeshi, zilizoyaita mauaji yale ushindi. Ndiyo maana sikubali kwamba kumbukumbu ya kikosi iwe ya ushujaa mtupu. Aliyemtoa majeruhi chini ya risasi aandikwe. Aliyeona uovu na kuusema aandikwe. Na aliyeuona akanyamaza, kama bado yu hai, asikizwe bila kupigiwa kelele.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yumo mzee aliyepita vita vyovyote, usingoje matanga ndipo uulize. Keti naye jioni. Usianze na ushindi. Anza kwa kumuuliza nani alikaa nyuma yake, na alitoka kijiji gani. Andika majina kama anavyoyatamka.

Thompson alifariki mwaka 2006. Colburn akamfuata mwaka 2016. Katika helikopta ile hakuna tena wa kuulizwa.