Ryu na Jin Wanaelewana, Sisi Tunashindwa Aje?

Wasee wa Thika na Ruiru, leo sipunguzi moto.

Mwaka 2012 kampuni tatu za Japani, Namco Bandai, Capcom na Sega, ziliweka wahusika wao kwa gemu moja ya Nintendo 3DS: Project X Zone. Ryu wa Street Fighter na Jin wa Tekken, upande mmoja! Na hizi ni kampuni zinazopigania pesa ya mteja yuleyule. Mwaka 2005 Namco na Capcom walikuwa wameshajaribu kwa PlayStation 2. Hiyo haikuuzwa nje ya Japani, lakini mashabiki hawakukaa kulia, waliitafsiri wenyewe. Project X Zone ikafika Marekani na Ulaya 2013.

Sasa tujiangalie. Ingia kibanda chochote cha PS, kuanzia Makongeni hadi Kimbo, utasikia msee akisema Wakenya hawawezi kutengeneza gemu. Uongo! Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D, na shujaa ni dada Mwafrika. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, waliotuletea Africa's Legends. Ananse na Shaka ndani ya ulimwengu mmoja. Wangapi mlikuwa mnajua?

Utaniambia shida ni pesa. Sawa, gemu inataka wachoraji, waandishi, watu wa kodi, watu wa muziki, na wote wanakula. Lakini si hiyo ndiyo sababu ya kuungana? Huku kila mtu amefungia stori yake kwa laptopu akiogopa kuibiwa. Mchoraji wa Thika hamjui mtu wa kodi wa Ruiru, na katikati yao ni matatu moja tu.

Na stori tunazo. Lwanda Magere, mwili jiwe, nguvu zake ziko kwa kivuli. Fumo Liyongo, hafi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mashujaa wawili, kila mmoja na siri yake: mmoja anamlinda mwenzake. Hapo mapambano ya gemu yako tayari! Na kumbuka, wote wawili walimalizwa na mtu wa nyumbani.

Kwa hivyo kama unaogopa kuibiwa, usijifiche. Andikianeni mkataba: mhusika ni wa nani, pesa inagawanywa aje. Halafu muanze na kitu kidogo cha simu, kwa Kiswahili. Tukingoja Japani imkumbuke Liyongo, tutazeeka tukibonyeza pedi za wenyewe.